Redio Ikisahau Vipimo Vyake

Katika redio ya kupokea inayoendeshwa na kompyuta, karibu kila kinachoharibika kinanunulika tena: antena, waya wa USB, betri, hata chipu inayotafsiri mawimbi. Kisichouzwa dukani ni jedwali dogo la namba lililoandikwa ndani yake siku ilipopimwa kiwandani. Namba hizo huieleza redio hiyo moja inakosea kwa kiasi gani na ijisahihishe vipi. Jedwali hilo ndilo kumbukumbu ya vipimo. Hoja yangu ni kwamba mwenye redio, awe mtu binafsi, kampuni ya ulinzi, shirika au ofisi ya serikali, analazimika kulisoma jedwali hilo na kulihifadhi nje ya redio kabla hajaigusa redio kwa namna nyingine yoyote. Tena wajibu huo unamwelemea mtu wa Suam, Endebess, Kitale au Bungoma, huko magharibi mwa Kenya, kuliko mtu wa Nairobi, kwa sababu nitakazozieleza.

Namba hizi zipo kwa kuwa hakuna vipuri viwili vinavyofanana kabisa, hata vikitoka kiwanda kimoja siku moja. Moyo wa kipokezi ni kristali ya kwatzi inayotetema kwa mpigo wake, na masafa yote yanayoonekana kwenye skrini yamehesabiwa kutokana na mpigo huo. Kristali ikikosea sehemu moja kwa milioni, basi kwenye megahezi 100, yaani katikati ya ukanda wa FM, redio itakuwa nje ya mahali pake kwa hezi 100. Sikio halitalijua kosa hilo. Lakini viko vipokezi vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, vile vyenye chipu ya RTL2832U, ambavyo tangu 2012 wapenzi wa redio wamevigeuza kuwa masikio ya karibu kila aina ya wimbi. Hivi huweza kukosea sehemu 50 kwa milioni na zaidi. Hapo kosa linafika kilohezi 5, na kwa redio za mawasiliano ambazo chaneli zake zimepishana kwa kilohezi 12.5, hilo latosha kuyakwaruza maneno yasisikike. Joto nalo huisogeza kristali. Mtu anayebeba kipokezi kutoka adhuhuri ya mjini Kitale hadi alfajiri ya miteremko ya Mlima Elgon anakipitisha katika tofauti ya joto ambayo kristali isiyosahihishwa itaionyesha waziwazi.

Hata hivyo, kosa la masafa ndilo jepesi. Gumu ni kosa la nguvu. Kipokezi ambacho hakijapimwa kinaweza kusema wimbi hili lina nguvu kuliko lile, ila hakiwezi kusema lina nguvu kiasi gani. Kila ukanda una vichujio vyake na vikuzaji vyake, na kila kimoja hupunguza au kuongeza kwa namna yake, kwa hiyo redio yenye kanda nane huhitaji masahihisho kwa kila ukanda, mara nyingine kwa pointi kadhaa ndani ya ukanda mmoja. Mwaka 1981 chama cha kimataifa cha redio za ridhaa, IARU, katika kanda yake ya kwanza ambayo Kenya imo, kilikubaliana kwamba alama ya S9 kwenye mawimbi mafupi iwe mikrovolti 50 kwenye mlango wa antena, na juu ya megahezi 30 iwe mikrovolti 5. Makubaliano hayo hayana maana yoyote ndani ya redio mpaka mtu aingize wimbi la mikrovolti 5 kutoka kwenye chombo kinachoaminika, asome redio inaonyesha nini, kisha aandike tofauti kwenye kumbukumbu. Kazi hiyo hufanywa mara moja kiwandani, na matokeo yake hulala kwenye chipu ndogo isiyohitaji umeme ili kukumbuka.

Sasa tuilete hoja Suam. Mto Suam unatoka ndani ya kreta ya Elgon, ukashuka na kuwa mpaka. Ng'ambo ni Bukwo ya Uganda, huku ni Endebess ya Trans Nzoia. Kilele cha Wagagai upande wa Uganda kina urefu wa mita 4,321, na Koitobos upande wa Kenya mita 4,222. Mawimbi ya FM hupenda kwenda kwa mstari ulionyooka, hivyo mlima huu huyazuia mahali pamoja na kuyaakisi mahali pengine, na msikilizaji akisogea mita mia mbili anaweza kupoteza stesheni ya Bungoma na kuipata ya Uganda kwenye masafa yaleyale au ya jirani. Kugawana masafa hayo hakukuachwa kwa bahati. Mkataba wa Geneva wa 1984, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, uliupanga ukanda wa megahezi 87.5 hadi 108 kwa nchi za Ulaya, Afrika na baadhi ya Asia, na Umoja wa Mawasiliano wa Afrika wenye makao yake Nairobi umeshughulika na kuuboresha mpango huo kwa nchi za bara letu. ITU pia imeweka kiwango: matangazo ya stereo yatahesabiwa kumfikia vizuri mtu wa mashambani iwapo nguvu yake ni desibeli 54 juu ya mikrovolti moja kwa mita, mjini 66, na katika miji mikubwa 74.

Tuseme basi msikilizaji wa Suam amelalamika kwamba stesheni yake inafunikwa na nyingine. Malalamiko yakipanda hadi Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kutoka hapo yakavuka kwenda kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kinachosafiri ni namba, wala si masikio ya mlalamikaji. Kipokezi kilichokosea kwa desibeli 6 tu kitasoma 54 kama 48 au kama 60. Desibeli 6 ni tofauti ya mara mbili katika volti. Kwa kosa hilo moja, stesheni halali itaonekana haifiki inakopaswa kufika, au jirani asiye na hatia ataonekana amevuka mpaka. Antena na waya vina hesabu zao, nazo huongezwa juu, ila hesabu hizo haziwezi kuponya redio iliyosahau vipimo vyake. Ndiyo maana kwenye mpaka, mahali ambapo namba ya mmoja hupambanishwa na namba ya mwingine, kumbukumbu ya vipimo inastahili kutunzwa kama stakabadhi ya shamba.

Anayedhani kwamba haya ni ya wataalamu wachache na aende kwa fundi wa simu yeyote mjini. Simu ni redio, na ina kumbukumbu yake ya vipimo. Katika simu nyingi za bei nafuu zenye chipu za MediaTek, sehemu ya kumbukumbu iitwayo NVRAM hubeba namba ya utambulisho ya simu, yaani IMEI, anwani ya Wi-Fi, pamoja na masahihisho ya redio ya simu hiyo. Simu ikiflashiwa ovyo, yaani ikiwekewa programu endeshi upya bila uangalifu, sehemu hiyo ikafutika, mwenye simu atakuta kwenye orodha ya Wi-Fi jina la ajabu linaloonya kuhusu NVRAM, mtandao utasuasua, na IMEI itakuwa haipo au si halali. Wakenya walijifunza uzito wa namba zilizofichwa ndani ya simu usiku wa 30 Septemba 2012, pale simu zilizohesabiwa kuwa bandia, takriban milioni 1.9, zilipozimwa kwa agizo la Tume ya Mawasiliano ya Kenya ya wakati ule. Fundi mwangalifu siku hizi husoma na kuhifadhi NVRAM kwanza, ndipo aanze kazi. Ninachodai kwa vipokezi vya redio ni nidhamu hiyohiyo ambayo mafundi wa simu wameipata kwa gharama ya simu za wateja.

Historia ya vyombo vyenyewe inatuonyesha jambo hili linavyotokea. Kipokezi cha Icom IC-R71 cha miaka ya 1980 kilihifadhi programu yake ya kuendeshea kwenye kumbukumbu iliyohitaji umeme wa betri ndogo ya lithiamu. Betri ilipokufa, redio iliyokuwa nzima kabisa iligeuka sanduku lisilojibu. Mita ya maabara ya HP 3458A, iliyotoka 1989 na ambayo bado inaheshimiwa, huweka masahihisho yake kwenye chipu yenye betri iliyofungiwa ndani mwake, betri ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa miaka kumi hivi. Wenye mita hizo walijifunza kuzisoma chipu kwa kompyuta kabla betri haijaisha, kuandika namba zilezile kwenye chipu mpya, na kuokoa gharama ya kupima upya kila kitu. Vyombo vya leo vimeachana na betri. Chipu zao hukumbuka kwa miongo, na kwa hiyo adui amebadilika: sasa ni mwenye redio mwenyewe, akiwa na waya wa USB na hamu ya kuweka programu endeshi mpya.

Mfano ulio wazi zaidi ni redio ya mkononi ya Quansheng UV-K5, ambayo wapenzi wa redio duniani wameiandikia programu endeshi nyingi za kuipanulia uwezo wa kupokea. Chipu yake ya kumbukumbu ina baiti 8,192. Baiti 512 za mwisho ndizo vipimo: kizingiti cha kunyamazisha mvumo kwa kila ukanda, usomaji wa volti za betri, nguvu ya kutuma na kadhalika. Programu ya CHIRP, inayotumika sana kupangia chaneli, kwa kawaida hukataa kuandika kwenye sehemu hiyo hata kama imeisoma, na wanaojua hali ya mambo hutangulia kuwaambia wageni: hifadhi vipimo kabla ya kuflashi. (Kutuma mawimbi kwa redio ya namna hii nchini Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, hapa nazungumzia upande wa kupokea.) Baiti 512 zikiandikwa kwa mfumo wa herufi na tarakimu unaotumiwa na kompyuta ni alama 1,024, ambazo hukaa kwenye ukurasa mmoja wa karatasi. Kitu chenye thamani kubwa hivi na uzito mdogo hivi hakina sababu ya kupotea.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, ila ina mahali pa kuwa makini. Kusoma hakuibadilishi redio. Kwa hiyo usomaji unaweza kurudiwa bila hofu, na unapaswa kurudiwa. Soma mara mbili kwa nyakati tofauti, kisha ulinganishe faili na faili, baiti kwa baiti. Zikitofautiana, tatizo huwa ni waya, betri inayolegea au programu isiyo ya aina hiyo ya redio, na faili hizo hazifai kuwekwa. Zikilingana, zifungue utazame: faili iliyojaa FF tupu au sifuri tupu imelingana kwa sababu haina kitu. Jina la faili libebe namba ya redio iliyo mgongoni mwake, toleo la programu endeshi na tarehe, kwa maana katika ofisi yenye redio ishirini faili iitwayo "vipimo vya redio" ni sawa na kutokuwa na faili. Ikae mahali pasipopungua pawili. Kompyuta ileile ya ofisini ikiungua kwa radi, na magharibi mwa Kenya radi si jambo la nadra, redio na nakala yake zitakwenda pamoja. Flashi moja kwenye sanduku la nyaraka, nakala kwenye barua pepe, na ule ukurasa wa karatasi, vinatosha. Kwa vipokezi vidogo vya RTL jambo ni tofauti kidogo: sahihisho la masafa huandikwa kwenye programu ya kompyuta, kipokezi chenyewe hakilijui, hivyo lebo ya karatasi iliyobandikwa ubavuni ikiwa na namba ya sahihisho ndiyo nakala.

Kurejesha ndiko kwenye hatari, na ndiko watu hukimbilia kwa haraka. Andika sehemu ya vipimo peke yake, usimwage kumbukumbu nzima ya zamani juu ya programu mpya ambayo pengine imepanga vitu vyake kwa namna nyingine. Hakikisha betri ya redio imejaa na kompyuta ina betri yake, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika utabaki na nusu ya jedwali, na nusu ya jedwali ni mbaya kuliko jedwali tupu: redio itafanya kazi na itadanganya. Ukimaliza, soma tena na ulinganishe na nakala. Halafu iweke redio kwenye wimbi unalolijua, stesheni ya karibu iliyosikilizwa kwa antena ileile na kutoka mahali palepale kabla ya mambo kuharibika, uone kama usomaji umerudi ulipokuwa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa hivi ni matumaini tu, na katika jambo la vipimo matumaini hayahesabiki.

Wapo watakaosema kwamba kazi yote hii haina haja, kwani ukipoteza vipimo unaweza kunakili vya redio nyingine ya aina ileile. Redio itawaka, itapokea, na hapo ndipo udanganyifu unapoanza. Mfanyabiashara wa mahindi Kitale hawezi kuchukua sahihisho la mizani ya jirani akaliweka kwenye mizani yake kwa kuwa zote zilinunuliwa duka moja. Afisa wa vipimo huipima kila mizani kwa mawe yake na kuigonga muhuri wake. Namba za redio ya jirani zinaelezea kristali ya jirani na vichujio vya jirani. Zinaweza kuwa karibu na ukweli, zinaweza kuwa mbali, na hakuna kitu ndani ya redio kitakachokuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kama ni lazima, zitumiwe kusikilizia matangazo, na redio iandikwe waziwazi kwamba haifai kupimia. Kwa simu jambo hili lina uzito zaidi, maana ukinakili NVRAM nzima unanakili na IMEI, na sheria ya Kenya inakataza kubadili namba hiyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wanaojua kazi. Wanasema masafa yanaweza kusahihishwa popote penye mnara wa simu, na wana haki. Mitambo ya minara ya GSM hulazimika kushika masafa yake kwa usahihi wa sehemu 0.05 kwa milioni, na zipo programu za bure zinazosikiliza mnara na kukuambia kipokezi chako kimepotea kwa kiasi gani. Mtu wa Endebess mwenye kipokezi cha RTL ana kipimo cha masafa juu ya kichwa chake bila malipo, na namsihi akitumie. Lakini mnara haukuambii chochote kuhusu nguvu. Hujui unatuma kwa wati ngapi saa hiyo, hujui mti au bati lipi limesimama katikati, na hata ungejua, ungekuwa umepima ukanda mmoja tu. Ili kurudisha vipimo vya nguvu unahitaji chombo kinachotoa wimbi la kiasi kinachojulikana, nacho chenyewe kiwe kimepimwa kwa mnyororo unaofika kwenye viwango vya taifa vinavyotunzwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, huko Nairobi. Kutoka Suam hadi Kitale ni kilomita 45 hivi, na kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu 380. Weka nauli, ada, na siku ambazo mwenyewe atakaa bila redio. Mwenzetu wa Nairobi akipoteza jedwali amepoteza siku mbili tatu; wa Suam amepoteza redio kwa muda usiojulikana, na mara nyingi ataamua kuitumia hivyo hivyo ilivyo.

Wengine husema namba hizi huzeeka, kwa hiyo kuzihifadhi ni kuhifadhi kitu kilichochakaa. Ni kweli kwamba kristali huhama kidogo mwaka hadi mwaka, na kwamba fundi akibadilisha kichujio au kikuzaji, masahihisho ya ukanda huo hayafai tena hata yakirejeshwa kwa uaminifu wote. Nakala si kipimo kipya, na mtu asiitumie kukwepa kupeleka chombo kupimwa muda wake unapofika. Lakini kuzeeka kwa namba ni sababu ya kuzihifadhi. Ukiwa na jedwali la siku ya kwanza na jedwali la baada ya kupimwa upya, unaona redio imehama upande gani na kwa kasi gani, na unaweza kukadiria itahitaji kupimwa lini tena. Asiye na jedwali la kwanza huanza upya kila mara kama mgeni kwenye chombo chake mwenyewe.

Mahali pa kuanzia si kwenye meza ya fundi bali kwenye ununuzi. Kaunti, hifadhi ya wanyama, shirika la misaada au kampuni ya ulinzi inaponunua vipokezi, hati ya zabuni huorodhesha antena, chaja, mikanda na miaka ya dhamana. Iongezwe sharti moja: muuzaji akabidhi, pamoja na kila redio, faili ya kumbukumbu yake ya vipimo yenye namba ya redio hiyo, programu na waya wa kuisomea, na maelezo ya kuirejesha. Muuzaji ambaye hawezi kutoa faili hiyo aseme mapema, ili mnunuzi ajue kwamba ananunua redio ya kusikilizia na si ya kupimia, na alipe bei inayolingana. Kwa redio zilizokwisha kununuliwa na sasa ziko makabatini Kitale na Bungoma, kazi hiyo inaweza kufanywa na fundi mmoja mwenye kompyuta ya mkononi, akianza na zile ambazo bado hazijawahi kuwekewa programu mpya, kwa sababu ndizo ambazo jedwali lake la kiwandani lina uhakika zaidi wa kuwa bado zima.